Haya Mama, Inuka

Panya wa maji ya chumvi hazunguki. Bi Hesabu alilijua hilo kama anavyoijua njia ya kwenda kwake, na ndiyo maana Jumanne ile, saa nne asubuhi, alipomwona Namba Saba anaanza kuzunguka ndani ya bakuli, alidhani macho yake ndiyo yenye kasoro.

Bi Hesabu si jina alilopewa na wazazi wake. Hilo alibandikwa kazini, katika maabara ya mwisho wa korido, chumba kisicho na dirisha hata la dawa, ambako kwa miaka sita alikuwa amekalia stuli ngumu akihesabu mizunguko ya panya. Wapo watu wakiulizwa kazi yao hujibu kwa neno moja. Yeye ilimbidi aeleze mpaka chai ipoe. Daktari, mkuu wa utafiti, alikuwa akiua kwa dawa sehemu ndogo ya ubongo wa panya upande wa kushoto, ile inayotengeneza kitu kiitwacho dopamini. "Dopamini ni ruhusa," Daktari alipenda kueleza. "Mguu unataka kwenda, lakini bila ruhusa hauendi." Panya akipona hubaki mzito, wa kusukumwa. Kisha huchomwa dawa ya kumchangamsha, akatiwa kwenye bakuli kubwa, na kwa kuwa upande mmoja wa ubongo una ruhusa na mwingine hauna, huanza kuzunguka kuelekea kushoto, duara juu ya duara. Bi Hesabu alishika kidude cha kuhesabia na kubonyeza kwa kidole gumba kila duara lilipotimia. Alikuwa amebonyeza mpaka siku hizi kidole gumba cha mkono wake wa kulia kiliruka chenyewe, hata akiwa amekaa tu anatazama mvua. "Ugonjwa wa kazi huu," aliwaambia watu, akakificha ndani ya kiganja.

Lakini si panya wote waliochomwa dawa. Wengine walichomwa maji ya chumvi basi, ili Daktari apate cha kulinganishia. Hao wakitiwa kwenye bakuli hunusanusa, hujilamba, hulala. Namba Saba alikuwa wa maji ya chumvi.

Sheria ya maabara ilikuwa panya hapewi jina, na Bi Hesabu hakumpa panya jina hata siku moja. Kilichomponza ni mazoea ya mdomo. Nyumbani alikuwa na mama yake mzazi, na mama yake aliugua ugonjwa wa binadamu unaofanana na ule wa panya wa Daktari: mikono inatetemeka mfululizo, miguu inagoma, mtu anasimama mlangoni nusu saa akitaka kupita na hapiti. Kila alfajiri Bi Hesabu alimshika makwapani, akamwambia, "Haya mama, inuka." Na mama yake, ambaye ugonjwa ulimwibia miguu ukamwachia ulimi, alimjibu, "Nainuka, usinikimbize. Mimi sina mkia." Basi akifika kazini na kumkuta panya jike amejikunyata kwenye bakuli, maneno yaleyale yalimtoka, kama watu wanavyomwita mama hata kitoto cha kike kinachojifunza kutambaa. Haya mama, inuka. Hakumaanisha kitu.

Jumanne ile aliyasema, na Namba Saba akainuka. Akazunguka kushoto, taratibu kwanza, kisha kwa mwendo mmoja usiobadilika, kucha zikikwaruza plastiki, kwaru, kwaru, kwaru. Chumba kikajaa harufu ya udongo mkavu ulionyeshewa mvua. Kule hakukuwa na udongo wala mvua, kulikuwa na dawa ya kusafishia sakafu na maranda ya mbao. Kwenye duara la arobaini na moja panya alisimama ghafla, akamgeukia, akakaa kwa miguu ya nyuma. Na chini ya mngurumo wa feni Bi Hesabu akasikia mwanamke anaitika, kwa mbali, kama aliyeko chumba cha pili.

"Abee."

Chumba cha pili kilikuwa stoo ya maranda, na ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwake.

"Umechanganya sindano," Daktari alisema alipoonyeshwa karatasi ya hesabu.

"Daktari, miaka sita sijachanganya sindano."

"Basi ndiyo umeanza leo. Binadamu huanza."

Iliuma sana kuambiwa hivyo. Kesho yake Daktari alikuja mwenyewe, akavuta maji ya chumvi kutoka kwenye chupa mpya, akamchoma Namba Saba kwa mkono wake, akamweka kwenye bakuli. Panya akalala. Daktari akamtazama Bi Hesabu kwa jicho la nilikwambia.

"Fanya basi kama ulivyofanya jana," alisema.

"Sikufanya kitu. Nilimsemesha tu."

"Msemeshe."

Aliona haya, lakini alisema. "Haya mama, inuka."

Namba Saba akainuka. Na kwenye rafu, panya wengine kumi na mmoja waliokuwa wakitafuna na kuparuana waliacha kila kitu kwa mara moja, wakageuza vichwa, wakatulia. Katika chumba kile hakujawahi kuwa na kimya. Zilibaki kucha za mmoja tu, kwaru, kwaru, na ile harufu ya udongo, na Daktari, mtu wa shahada tatu, akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagonga mlango.

"Usimsemeshe tena," alinong'ona. "Umesikia, Bi Hesabu? Usimsemeshe tena."

"Ni nini hiki, Daktari?"

"Sijui. Usiandike."

Alhamisi asubuhi Namba Saba alikutwa amekufa. Hakulala ubavu kama wanavyolala panya wafu. Alikuwa amekaa wima kwenye kona ya kizimba, nyayo zake zimechunika mpaka nyama, maranda yamesukumwa pembeni kukaachwa duara safi, na uso ameuelekeza kwenye msumari ambapo Bi Hesabu hutundika koti lake. Bi Hesabu alilivaa koti lile jioni, akarudi nyumbani. Njia nzima alikuwa akisikia harufu ya mvua, na watu aliopishana nao hawakuwa na miavuli.

Alipofungua mlango, mama yake alikuwa amesimama sebuleni.

Amesimama peke yake. Bila fimbo, bila ukuta, bila mtu. Miaka miwili mwanamke yule hajasimama bila kushikwa, na sasa alikuwa kasimama katikati ya chumba, mikono imeshuka ubavuni imetulia tuli. Bi Hesabu aliangusha mkoba, akapiga magoti, akamkumbatia miguu, akalia kwa furaha ambayo hakujua kama bado anayo. Jirani, mama mtu mzima aliyekuwa akishinda na mgonjwa mchana, naye alikuwa analia jikoni.

"Kainuka mwenyewe, shoga, dakika tano hizi! Nikadhani naota!"

"Mama," Bi Hesabu alisema. "Mama, unatembea?"

"Abee," alijibu mama yake.

Furaha ni kitu kinachoziba masikio. Kama si furaha, angejiuliza tangu lini mzazi akamwitikia mwanawe abee, kama mwari mbele ya shangazi zake. Hakujiuliza. Siku ile na iliyofuata alimtazama mama yake akitembea kama watu wanavyomtazama mtoto anayeanza kwenda, na hata lile jambo la ajabu lilimchekesha. Mama yake hakuweza kugeuka kulia. Akitaka kwenda chumbani, ambako ni hatua mbili kuliani mwake, aligeuka kushoto, akazunguka, akazunguka, mpaka mlango ukawa mbele yake. "Bibi anacheza," alisema binti wa Bi Hesabu, mtoto wa darasa la kwanza, na yeye, Bi Hesabu na jirani wakacheka. Bibi mwenyewe hakucheka.

Jumamosi adhuhuri, jua limewaka mpaka rangi ya ukuta inaumiza macho, Bi Hesabu alikuwa anafua uani mtoto alipotokea mlangoni akamwita.

"Mama!"

"Abee," ilijibu sauti ya bibi kutoka ndani.

Mtoto akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Mama, bibi hataki kukaa. Nimemhesabia mpaka mia, nikachoka."

Bi Hesabu aliingia na mikono yenye povu. Kabla hajavuka kizingiti aliipokea ile harufu, udongo na mvua, nzito kiasi cha kuionja, na akausikia mwendo, nyayo za mtu mzima zikikwaruza sakafu ya saruji, kwaru, kwaru, kwaru, bila kupungua na bila kuongezeka, na akamwona mama yake anazunguka katikati ya chumba na mkeka umesukumwa pembeni, macho wazi yasiyopepesa, kichwa kimeinamia kushoto kana kwamba anasikiliza kitu sakafuni, na sakafuni, chini ya visigino vilivyopasuka vya mwanamke aliyemzaa, akaona duara lililochorwa vizuri, jekundu, bichi, linalokozwa upya kila mzunguko.

Alimrukia, akamshika. Ilikuwa kama kushika gurudumu la gari linalokwenda. Mama yake, ambaye alikuwa mwepesi wa kubebwa mkono mmoja, alimburuta akaendelea. Lakini midomo yake ilikuwa inacheza, na Bi Hesabu akatega sikio akizungushwa naye.

"Mwanangu," mama yake alinong'ona, na hiyo ndiyo ilikuwa sauti yake halisi, "si mimi ninayetembea. Nimechoka. Mwambie anikalishe."

Hapo ndipo zile nyayo za Namba Saba zilipomjia mbele ya macho, akaelewa mama yake anaelekea wapi, na akaona aibu ya zile siku mbili alizoshangilia.

Jirani hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alimchukua mtoto kwake, akarudi na mwanamke mfupi mwenye utepe wa kupimia nguo shingoni. Mtaa mzima ulimwita Fundi na wengi walidhani ni kwa sababu ya cherehani, maana alishona sare za shule. Wachache walijua ufundi wake wa pili. Alikuja na pini bado ziko kifuani, akavua viatu, akasimama kando ya duara akimtazama mgonjwa kama anayekadiria kitambaa.

"Kinazunguka tangu lini?"

"Kwangu tangu juzi. Kazini tangu Jumanne."

"Kazini?"

Bi Hesabu alieleza yote, ubongo, upande wa kushoto, maji ya chumvi, bakuli. Alidhani atachekwa. Fundi hakucheka.

"Yaani nyinyi mnaua mwenye nyumba, mnaacha nyumba wazi, halafu wewe unasimama mlangoni unaita. Ulitegemea nani aitike?"

"Sikuita mtu. Ni panya."

"Ulisemaje?"

"Haya mama, inuka."

Fundi alifumba macho. "Hawa wanatafuta kiti tu, mwanangu. Sehemu ya kukaa. Ulipomwita mama alikubali jina, akakaa. Kile kiti kidogo kikamvunjikia. Huku napo kuna mama, na yeye nyumba yake ugonjwa umeshaiacha wazi. Amefuata jina lake."

"Mtoe basi."

"Nitamtoa. Lakini ujue, akitoka yeye, na miguu inaondoka. Mgonjwa atarudi kule alikokuwa. Usije ukanilaumu baadaye kwamba nimemlemaza."

Bi Hesabu alimtazama mama yake akipita mbele yake, akapita tena. Alikuwa ameomba miaka miwili aione miguu ile ikitembea.

"Mtoe," alisema.

"Mimi sina neno la kumtoa. Unalo wewe. Anakaa kwenye neno mama, basi mtenge mgonjwa na neno hilo. Mwite mama yako kwa jina lake. Jina alilopewa na wazazi wake."

"Mbele yake?"

"Mbele yake."

Mtu mzima mwenye mtoto na kazi, lakini aliona ugumu. Jina lile alizoea kuliandika kwenye kadi ya kliniki, na hajapata kulitoa kinywani mwenye nalo akiwapo. Alilitamka kwa sauti ndogo, kama mtoto anayetukana akiogopa kusikika.

Mama yake akasimama. Mguu wa kulia ukatetemeka hewani, ukatua, na mwili mzima ukageuka kulia, duara moja, polepole, kama kitu kinachofunguliwa nati.

"Endelea," Fundi alisema, naye akaanza kusoma alichokisoma kwa sauti ya chini. "Na uhesabu. Alivyofunga Jumanne ndivyo afunguliwe."

Akaita tena. Duara la pili. Akaita. Kidole gumba kilijibonyeza kwenye hewa kila mzunguko, kwa mazoea. Kwenye la ishirini sauti ya mwanamke mwingine ilianza kutoka kifuani mwa mama yake, ya upole, karibu ya kubembeleza: "Abee. Niite mama. Niite mama nimtembeze." Jirani alikimbilia jikoni akafunga mlango. Kwenye la thelathini ilikuwa inalia. Bi Hesabu naye alikuwa analia, analitaja jina la mzazi wake huku machozi na kamasi vimechanganyika, thelathini na tano, thelathini na nane, na alipoita mara ya arobaini na moja mama yake alikunja magoti akaketi sakafuni, na harufu ya mvua ikakatika kama taa iliyozimwa.

Kisha mkono wa mama yake, uliokuwa umelala mapajani, ukaanza kutetemeka.

Hajapata kuufurahia mtetemo ule maishani mwake mpaka saa ile. Aliushika mkono akaubusu, ukamtetemekea mdomoni.

"Arobaini na moja," mama yake alisema kwa taabu, maneno yakiburuzika. "Umeniita kwa jina langu mara arobaini na moja. Mtovu wa adabu mkubwa wewe."

Wakacheka, hata Fundi. Wakamwosha miguu, wakaifunga vitambaa, wakamlaza. Saa kumi ilikuwa imegonga Fundi alipotafuta viatu vyake.

"Sikiliza," alisema mlangoni, na hakuwa anacheka tena. "Katoka kwenye kiti, lakini mlangoni bado hajatoka. Mpaka jua lizame hilo neno lisitamkwe humu ndani. Hata kwa utani. Kuna mwingine anayeitwa hivyo?"

Bi Hesabu alifikiri haraka, akiwapitia watu wa nyumba ile mmoja mmoja. Baba wa mtoto alikuwa mji mwingine kikazi. Alibaki mtoto.

"Binti yangu. Bibi yake humwita mama, kwa kumdekeza."

"Asimwite leo. Na yeye mtoto aambiwe asimwite bibi yake hivyo."

"Humwita bibi."

"Vizuri. Wengine?"

"Basi. Ni hao tu."

Jirani akaenda kwake kumpa mtoto maagizo, na mtoto, ambaye alikuwa msikivu, akayarudia mbele yake neno kwa neno: bibi ni bibi, na bibi asiniite mama.

Bi Hesabu alibaki peke yake sebuleni na ndoo na kitambaa. Alifuta duara sakafuni. Lilitoka kwa shida, lakini lilitoka. Jua lilikuwa bado limeshika nusu ya ukuta. Chumbani alimsikia mama yake anakoroma, mkono ukigonga ubao wa kitanda, tik, tik, tik, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne alijisikia mwepesi. Akakaa chini ameegemea ukuta, kidole gumba chake kikiruka kwenye goti, kikiruka, kikiruka. Alikitazama kwa uchovu. Alikumbuka kwamba mama yake naye ugonjwa ulimwanza kwa kidole. Wazo hilo lilipita, na kabla halijapita lote alisikia vindala vya mtoto vinakuja mbio barabarani, vinasimama kizingitini.

Ndipo alipojihesabu.

Alifungua mdomo amzuie.

"Mama!" mtoto aliita kwa furaha. "Mama, nimerudi!"

Harufu ya udongo ulionyeshewa mvua ikaingia na upepo wa mlangoni. Kwenye goti lake, kidole gumba kikatulia. Bi Hesabu alikiangalia kikiwa kimetulia, kizuri, kama kidole cha msichana, na mguu wake ukajikunja wenyewe chini yake kumwinua.

"Abee," alisema, akageuka kushoto.